Sukari ya Felisian

Bunda, 4 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Huku ni wazima, mafua ya wiki iliyopita yameisha na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kuota. Sijui wewe na magoti yako. Dorkas anasema umepungua, ila kwa Dorkas kila mtu amepungua.

Naandika haraka kwa sababu ndiye atakayekuletea barua hii, ameshauza dagaa wake na anataka kuwahi gari la kurudi Musoma. Ningekupigia simu, lakini najua utaitikia "eee, eee" na hutakuwa umesikia kitu.

Jana simu yangu ilikuwa kwenye chaji ofisini, karibu na meza ya Samia. Samia ni mwalimu mgeni, amehamia kwetu mwezi wa kwanza, bado hajui habari zangu. Simu ikatoa ule mlio. Samia akainama kuitazama, akaniambia, "Mwalimu Flora, kuna Felisian hapa. Anasema ishirini na mbili, na mshale unapanda."

Mama, baba tulimzika Agosti. Nilimwambia Samia asante, nitamwangalia baadaye, nikaendelea kusahihisha madaftari. Alipotoka ndipo nikaishika. Ni kweli, imeandika Felisian, 22.1. Ile programu ya kufuatilia sukari yake sikuwahi kuifuta. Sikuwa na sababu ya kutoifuta, niliiacha tu.

Nani anatumia simu ya baba? Kama umempa mtu wa ukoo, niambie. Kama ni wewe umeanza kuugua sukari na umeamua kunificha, niambie pia, na nitapanda gari bila kusubiri barua.

Mwanao,
Flora


Buhare, Musoma, 7 Machi 2025

Mwanangu Flora,

Marahaba. Mimi sina sukari. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Magoti yanauma asubuhi, yakipata jua yanaacha.

Mwenye sukari ni Spea.

Najua utasema mama amechanganyikiwa. Ngoja nieleze. Tangu mwezi wa kwanza yule paka alianza kunywa maji kama ng'ombe. Alikuwa anaingiza kichwa kwenye karai la vyombo nikiwa bado naosha. Anamaliza chakula chote na bado anakonda, mgongo umekuwa kama chanuo. Nikasema ni uzee. Halafu asubuhi moja nikaona sisimizi nyuma ya jiko, kwenye mchanga pale anapokojoaga, wamepanga mstari. Unakumbuka kwa baba yako tulijua hivyohivyo. Kufuli la choo lilikataa kufunguka, akaenda kwenye migomba, kesho yake sisimizi wakajaa, akaniita nikaone. Akasema, "Hyasinta, nimeanza kutengeneza sukari, tutafute wateja."

Gaudensia wa jirani akanipigia simu kwa Keraryo. Keraryo ni yule daktari wa mifugo wa Butiama, mtoto wa binamu ya baba yako, ndiye aliyebeba msalaba siku ya mazishi. Alikuwa anakuja Musoma kuchukua chanjo za mbwa, akapitia hapa. Akamtoboa Spea sikio, akapima kwa ile mashine ndogo ya baba yako. Akapima mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Akasema ni kisukari, paka nao wanapata, hasa dume lililozeeka kwa kulishwa ugali na biskuti. Unajua nani alikuwa anamlishaga biskuti.

Keraryo akasema mwenyewe hajawahi kumtibu paka wa sukari, amezoea ng'ombe. Akampigia mwenzake aliyesoma naye, wakaongea sana. Wakakubaliana Spea achomwe insulini kidogo kabisa, asubuhi na jioni, lakini lazima sukari yake ionekane muda wote. Kumtoboa sikio kila saa haiwezekani, siku hiyo ya kwanza tu Keraryo alitoka na damu mkononi. Ndipo nikakumbuka lile boksi. Vile vidude vya kubandika mkononi ulivyomnunulia baba yako vilibaki vitatu, havijafunguliwa.

Nilikuwa nambandika mimi, kwa hiyo kazi hiyo naijua. Keraryo akamfunga Spea kwenye taulo, nikamnyoa kati ya mabega kwa wembe, nikabandika. Kinaonekana kama kifuniko cha soda. Juu yake nimemvalisha fulana ili asikikwangue, nimeikata kwenye mkono wa lile sweta la kijani la baba yako. Nikaiwasha simu ya baba yako, ikakisoma, namba ikatokea. Sikujua kwamba na kwako itatokea. Sikukusudia kukushtua, nisamehe.

Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini. Anasema watu wanakosa panadol, paka wa Hyasinta ana mtambo.

Insulini ni zile chupa mbili za kwenye friji. Keraryo amesoma tarehe, hazijaisha muda. Kwenye sindano amenichorea mstari kwa kalamu, nisiupite.

Mama yako,
Hyasinta


Bunda, 11 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi huna sukari. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikarudi kumwambia nimeghairi, hakuniuliza kwa nini, na mimi singeweza kumweleza.

Sikukatazi kumtibu Spea. Ni paka wa baba, najua. Lakini hiyo namba inapokuja haiandiki Spea. Inaandika Felisian. Ijumaa imeandika mara tatu, moja nikiwa mbele ya darasa la saba naeleza sehemu na desimali. Samia ameshazoea, ananiuliza, "Mzee leo vipi?" Nami namjibu hajambo. Sikumwambia siku ya kwanza na sasa sijui pa kuanzia.

Naomba ubadilishe jina, au uizime. Mimi kwangu nimeitoa sauti.

Flora


Buhare, 14 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi, nimeisoma mara mbili nikadhani kuna ukurasa umebaki kwa Dorkas. Akafungua hadi kanga yake kunionyesha kwamba hajaficha kitu.

Jina siwezi kubadilisha. Simu inataka neno la siri, na neno hilo alilijua mwenyewe. Nimejaribu jina lako, nimejaribu jina langu, nimejaribu Yamaha kwa sababu ya zile mashine za boti. Imekataa yote. Nikaacha kujaribu, isije ikafunga kabisa.

Kuizima naweza. Ila nisikilize kwanza, kisha utaamua.

Unajua masikio yangu. Simu hii inapolia mimi siisikii hata ikiwa mfukoni mwa gauni. Wakati wa baba yako, wewe ulikuwa unaona kule Bunda, unampigia Gaudensia, naye anakuja mbio na kile kikopo chake cha sukari. Lakini mara nyingi kabla Gaudensia hajafika mimi nilikuwa nimeshajua, na aliyenijulisha ni Spea. Ule mlio alikuwa anauchukia. Ukilia anakuja popote nilipo, hata shambani kwenye mihogo, anakwaruza mguu wangu mpaka niinuke. Bado nina alama. Baba yako alisema huyu si paka, ni msaidizi wa ofisi.

Sasa aliyevaa kidude ni yeye mwenyewe. Keraryo ameniambia sukari ya juu inangoja, ya chini haingoji, paka anaweza kufa kabla chai haijachemka. Ikimshuka atalegea pale alipo. Hataweza kuja kunikwaruza.

Ndiyo maana nakuomba wewe. Si kwa sababu ya baba yako, baba yako amelala Butiama. Ni kwa sababu ya huyu aliyebaki hapa ndani. Nikirudi kutoka kanisani mwenye kunipokea mlangoni ni yeye. Hakuna mwingine.

Vidude vikiisha viwili vilivyobaki, nitazima.

Mama yako


Bunda, 18 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za magoti, na za mgonjwa?

Nimeirudisha sauti. Ile ya juu nimeiacha kimya, ya chini tu ndiyo inalia. Namba ya Gaudensia bado ninayo, nimempigia, amekubali. Amesema, "Kwa hiyo nimepandishwa cheo, sasa ni nesi wa paka."

Tangu Jumamosi nimekuwa natazama. Nilidhani nitaona karaha lakini nimezoea haraka. Nikiamka natazama, mapumziko natazama. Anapokula nadhani naona. Asubuhi mstari unateremka ghafla, unafika karibu na chini, halafu unapanda tena. Kila siku ni hivyo. Unampa nini asubuhi, na saa ngapi?

Samia yuko kwenye mfungo. Jana amenipa tende kwenye karatasi, amesema ni za mzee, ila ale moja moja kwa sababu ya sukari yake. Na amesema kila anapofuturu anamuombea apone. Nilizipokea. Mama, ningefanyaje? Nimempa Dorkas akuletee. Kula wewe.

Mwanao,
Flora


Buhare, 25 Machi 2025

Mwanangu Flora,

Marahaba. Tende zimefika, ni nzuri, nimegawana na Gaudensia. Mwambie huyo Samia asante. Siku utakayoweza utamwambia na mengine.

Spea ameanza kujaa mgongoni. Jana alipanda juu ya kabati, jambo ambalo hajalifanya tangu Krismasi, akaangusha redio. Bado inaongea. Ugali nimeacha kumpa kabisa, biskuti ndiyo kabisa. Anakula furu, wale samaki wadogo, na vichwa vya sangara kutoka ufukweni Mwigobero, wale mafundi wa boti wenzake baba yako wananiwekea. Mmoja aliniuliza kama ni kweli paka wa marehemu Fundi anavaa sweta. Nikamwambia njoo uone. Alikuja, akaona, akaenda kuwaleta wengine.

Umeuliza asubuhi. Nafanya kama nilivyomfanyia baba yako, sina utaratibu mwingine. Saa moja nachoma sindano. Halafu nasubiri nusu saa, nafagia uwanja, ndipo naweka chakula. Kwa hiyo ukiona inateremka usiogope, ni kwamba samaki bado yuko jikoni.

Jumamosi hii tunakwenda Butiama kusakafia kaburi. Baba zako wadogo wameshanunua saruji, na watapita hapa na gari saa mbili. Najua una darasa la saba siku hiyo, sitakulaumu. Tangu mazishi hujafika kule, na hilo pia sikulaumu, kila mtu na mwendo wake. Spea nitamfungia sebuleni pamoja na simu ili isipoteze kusoma. Gaudensia atamtazama mchana. Ufunguo uko palepale, chini ya ndoo ya bluu.

Mama yako


Bunda, 29 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Spea ni mzima. Nami naanza na hilo.

Naandika leoleo wakati bado nakumbuka vizuri. Darasa liliahirishwa kwa sababu ya mvua, nikabaki nyumbani nafua. Kama saa tatu hivi simu ikalia. Felisian, 3.4, mshale chini. Nikasema mama amesema samaki yuko jikoni. Nikasuuza shati. Nikatazama tena, 2.8. Nikakumbuka kwamba uko njiani kwenda Butiama na jikoni hakuna mtu.

Nikampigia Gaudensia. Mama, nitakuandikia nilivyosema, kwa sababu yeye mwenyewe atakusimulia. Nilisema, "Gaudensia, kimbia, baba sukari imeshuka."

Naye akakimbia. Hakuuliza. Nilisikia kikopo kikigonga, nikasikia malapa yake kwenye matope, nikasikia ndoo ikivutwa na kufuli likifunguka. Nilikuwa nimesimama na povu mikononi, simu nimeibana begani. Kisha akasema polepole, "Flora, nimefika. Nimpe nani?"

Nilikuwa nasikia anavyohema.

Nikamwambia, "Spea. Mtafute Spea."

Alikuwa chini ya kiti cha baba, amelala juu ya zile ndala zake za zamani, miguu imekakamaa na mate yanamtoka. Gaudensia akakoroga sukari na maji kidogo, akampaka kwenye ufizi kwa kidole, akapaka tena. Nilikuwa nasoma namba, namwambia bado, bado, inapanda. Alipoinua kichwa akamng'ata Gaudensia. Gaudensia akasema sasa amepona. Samaki walikuwa kwenye sufuria, wamefunikwa, hawajaguswa. Akampa. Mchana ikasoma saba.

Baadaye alinipigia mwenyewe. Alisema hajui ilikuwaje, miguu ilikuwa imeshakwenda, na mpaka anafungua mlango alikuwa anawaza kama baba atataka kikombe kikubwa au kidogo. Nikamwambia na mimi sijui ilikuwaje. Tukaongea habari za mvua.

Mwulize Keraryo, mama. Barua hii itachelewa, kwa hiyo nimemwambia Gaudensia akuzuie kuchoma sindano nyingine kabla hajakujibu.

Mwanao,
Flora


Buhare, 2 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimemkuta Gaudensia na bandeji ya kidole, anaionyesha mtaa mzima.

Gari lilikuja mapema. Nilikuwa nimeshachoma sindano, nafagia, nangoja nusu saa yangu. Honi sikuisikia, mpaka baba yako mdogo akaingia uwanjani akaninyang'anya ufagio. Wana haraka, saruji iko kwenye mvua. Nikachukua mkoba, nikafunga mlango. Tulipofika Nyakanga nikakumbuka sufuria. Nikasema Gaudensia atampa mchana, hakuna neno. Kwa baba yako, nilipochelewesha chakula, alikuwa anajichukulia ndizi.

Saa ile uliyoniandikia sisi tulikuwa kaburini. Walikuwa wanachanganya zege, mimi nimeshika mwavuli juu ya mfuko wa saruji. Kazi ilikwenda vizuri. Wameacha nafasi ya jina, litachorwa sakafu ikikauka.

Keraryo alikuwepo kule kutusaidia kubeba mawe. Jioni Gaudensia alipompigia, alikuja kesho yake asubuhi na pikipiki. Akaniambia nimwonyeshe ninavyofanya, hatua kwa hatua. Nikachukua sindano. Akanishika mkono. Akasema, "Mama, paka anakula kwanza. Akishakula ndipo unamchoma. Akigoma kula, sindano hakuna siku hiyo." Nikamwambia nimemfanyia kama nilivyomfanyia mwenye nyumba. Akasema, "Huyu si mwenye nyumba, mama." Hakusema vibaya. Aliinama akawa anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Akatazama mistari yote kwenye simu. Akasema pia mwili wa Spea umeanza kutengeneza insulini yake mwenyewe, kwa sababu ya kuacha ugali, kwa hiyo dozi ile imekuwa kubwa kwake. Amefuta mstari wa zamani kwenye sindano, akachora mwingine chini zaidi. Sikujua kuna ugonjwa wa sukari unaorudi nyuma. Kwetu ulikuwa unakwenda mbele tu.

Jumatatu nimembandika kidude cha tatu. Ndicho cha mwisho.

Mama yako


Bunda, 8 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Huku kwema, Idi imepita, Samia alituletea pilau ofisini na sahani moja ameifunika pembeni, ya mzee. Nimeila mimi nyumbani, nikiwa nimesimama.

Hajalia tangu wiki iliyopita. Sita, saba, sita. Jana nimeitazama mara nyingi kuliko siku alipokuwa mbaya. Hicho kidude kinaisha lini?

Flora


Buhare, 15 Aprili 2025

Mwanangu Flora,

Marahaba. Kimeisha jana mchana. Nadhani umeona.

Ijumaa Keraryo aliniambia niache sindano kabisa, tuone. Nikakaa na hiyo simu mapajani Ijumaa yote na Jumamosi yote, nikaacha hata mkutano wa jumuiya. Ikapanda kidogo alipokula, ikarudi. Jumapili nikaenda kanisani nikiwa na wasiwasi, nikarudi, alikuwa mlangoni. Keraryo anasema ugonjwa haujafa, umelala, unaweza kuamka, nisimpe biskuti hata akinililia. Nimempa ahadi.

Jana simu ilipoandika kwamba muda wa kidude umekwisha, nilimshika Spea tukakaa kwenye jua. Nilikibandua taratibu na mafuta ya alizeti, kama nilivyokuwa nafanya, ili kisivute ngozi. Baba yako alikuwaga anafumba macho akisema, "Vuta tu, Hyasinta," na mimi sivuti. Spea yeye alilala. Pale nilipomnyoa nywele zimeanza kurudi, zimetoka nyeupe. Fulana nimeifua, iko kwenye kamba.

Leo asubuhi nimekwenda nyuma ya jiko. Mchanga umelowa, nikachuchumaa na magoti yangu haya. Nimengoja mpaka jua likafika pale. Hakuna sisimizi hata mmoja. Kwa baba yako niliingoja sana asubuhi ya namna hii.

Nilikuahidi nitazima. Simu nimeiweka mezani, chaji imebaki kidogo. Sijaizima na sijaichomeka. Nimeona wewe ndiye mwenye kuniambia, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaitikia.

Mama yako,
Hyasinta


Bunda, 17 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii huenda nikafika kabla yake, lakini Dorkas yuko hapa na ameshanyosha mkono.

Iache izime yenyewe. Kwangu sitafuta, lakini sitangoja tena ilie.

Kesho ni Ijumaa Kuu, nitapanda gari la asubuhi. Jumamosi naomba twende Butiama mimi na wewe, nione hiyo sakafu, na kama jina bado halijachorwa nitaliandika mimi. Mwandiko wangu wa ubaoni baba alikuwa anausifu. Gaudensia nimemchukulia kikopo kipya cha sukari, chenye mfuniko.

Jumatatu ile mchana nilikuwa darasani. Niliporudi ofisini Samia alikuwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, hakuna namba. Inaandika Felisian, halafu mstari mtupu. Mzee hajambo kweli?"

Nilivuta kiti nikakaa. Nikamwambia, "Samia, baba yangu alifariki Agosti. Hiyo sukari uliyokuwa unaiona ni ya paka wake. Amepona."

Nilidhani atakasirika, kwa ajili ya zile tende na ile pilau. Akaniwekea simu mezani, akanipa pole ya msiba kama vile umetokea asubuhi hiyo, na mimi nikaipokea hivyohivyo. Halafu akauliza paka anaitwaje, ili ajue mwezi mzima alikuwa anamuombea nani.

Mwanao,
Flora